Kusogea Katika Matini kwa Vitufe: Tahakiki ya Istilahi

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi imefuata mahitaji ya ofisi, shule na viwanda. Hapo mwanzo haja kubwa ilikuwa majina ya vyeo, ya idara na ya masomo. Leo sehemu kubwa ya haja hiyo imo katika kompyuta, kwa kuwa barua ya serikali, mtihani wa darasa, tafsiri ya mkataba na hukumu ya mahakama vyote huandikwa humo. Haja hiyo ilizidi mwaka 2021, sheria ilipofanyiwa marekebisho ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Makala haya yanachunguza sehemu ndogo tu ya istilahi hizo, nayo ni maneno yanayotumika kumfundisha mtu kwenda huku na huku katika matini kwa vitufe vya kibodi peke yake, bila kushika kipanya. Programu ya kuandikia na kusahihishia matini tutaiita kihariri, jina ambalo limekwisha kuenea. Alama inayomwonyesha mwandishi mahali alipo tutaiita kielekezi.

Hoja yetu ni kwamba istilahi za kompyuta zilizotungwa hadi sasa zimeshughulikia mno vifaa na zimesahau vitendo. Kibodi, kipanya na skrini vina majina tele, mengine matatu au manne kwa kitu kimoja. Lakini mwalimu anayetaka kumwambia mwanafunzi asogee neno moja mbele, arudi mwanzo wa mstari, kisha arudie amri aliyoitoa sasa hivi, hana maneno yaliyokubaliwa. Anayapata pale pale, na aghalabu anayapata vibaya. Hasara yake huonekana katika saa za kazi, katika makosa yanayobaki kwenye nyaraka, na katika imani ya mwananchi kwamba mashine haiwezi kuelezwa kwa lugha yake.

Mifano mingi imetoka Mbeya na Iringa. Miji hii miwili ya Nyanda za Juu Kusini ina vyuo vingi, miongoni mwavyo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa. Ina pia ofisi za mikoa, mahakama na shule ambamo Kiswahili huandikwa kutwa. Wengi wa waandishi hao nyumbani husema Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, na jambo hilo lina faida yake, kama tutakavyoona.

2. Vifaa vilivyopewa majina mengi

Chombo chenyewe kimepata kuitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Neno la kwanza limeshinda katika matumizi ya Tanzania, la pili husikika zaidi Kenya, na la tatu halikupata wafuasi wengi. Si ajabu, kwani msikilizaji wa kawaida akisikia ngamizi hufikiri kwanza kitenzi angamiza. Kibodi nayo imeitwa baobonye na kicharazio. Kitufe kimeitwa kibonye, na kipanya kimeitwa puku. Kielekezi kimeitwa kishale na kasa, na hilo la mwisho humkumbusha mtu wa pwani mnyama wa baharini, wala halimwambii chochote mtu wa Njombe au Tukuyu.

Hatusemi kwamba juhudi hizo zilikuwa bure. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kumtolea mtumiaji menyu na maelezo ya Kiswahili. Kazi hiyo iliwalazimisha watafsiri watafute maneno kwa maelfu, na baadhi ya maneno yanayotumika leo yalipata nguvu wakati huo. Lakini menyu huonyesha majina ya vitu na ya kazi kubwa kubwa: faili, hariri, zana, jedwali. Mtumiaji huona neno, huligusa kwa kipanya, na jambo hutendeka. Mwendo wa kielekezi kutoka neno hadi neno haumo katika menyu, kwa hiyo mtafsiri wa menyu hakulazimika kuutafutia jina.

Anayetumia vitufe hana menyu ya kugusa. Hana budi kuishika amri kichwani, na kitu kinachokaa kichwani ni sentensi fupi yenye kitenzi. Msingi huu wa vitenzi ndio tuliousahau.

3. Kuabiri, kuvinjari na kusogea

Kwa mwendo wa ndani ya matini, maneno mawili hupendekezwa mara nyingi: kuabiri na kuvinjari. Yote mawili ni maneno mazuri ya Kiswahili, lakini tunaona kwamba hayafai hapa.

Kuabiri ni kusafiri au kuvuka kwa chombo. Kwa mtu wa bara neno hili limebaki hai zaidi katika nomino abiria, na abiria ni mtu anayechukuliwa. Katika mafunzo mawili ya wahazili na walimu, ya kwanza Mbeya na ya pili Iringa, mwandishi wa makala haya alipata nafasi ya kuandika maneno waliyotumia wanafunzi walipokuwa wakisaidiana. Karatasi ya mafunzo ilisema "abiri matini kwa vitufe". Mwalimu mmoja aliuliza abiria ni nani na dereva ni nani. Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la haki, kwa kuwa anayetumia vitufe ndiye dereva.

Kuvinjari ni kuzunguka zunguka kwa kuangalia, kama afanyavyo mlinzi wa doria. Neno hili limekubalika kwa kazi ya kutazama kurasa za intaneti, na huko lina haki yake, maana mtazamaji hana sharti la kufika mahali maalumu. Mhariri wa waraka hazunguki. Anajua kosa liko aya ya tatu, mstari wa pili, neno la tano, na anataka kufika hapo kwa njia fupi.

Katika mafunzo hayo mawili wanafunzi hawakusema "abiri" hata mara moja walipokuwa wakielekezana. Walisema shuka, panda, sogea, ruka, rudi nyuma, nenda mwisho. Haya ni maneno ya watu wanaopanda Kitonga wakielekea Iringa na kuteremka kutoka Mbeya kwenda Kyela. Matini yana juu na chini, yana mwanzo na mwisho, na lugha ya njia tunayo tayari.

Tunashauri maneno hayo yagawanywe kazi ili kila kimoja kiwe na maana moja. Sogea liwe la mwendo mdogo, wa herufi au neno. Panda na shuka yawe ya mistari. Ruka liwe la mwendo unaovuka sehemu ya matini bila kupita hatua kwa hatua, kama kutoka aya moja hadi nyingine au hadi herufi iliyotajwa. Nenda liwe la mahali penye anwani: mwanzo wa mstari, mwisho wa waraka, mstari wa 40.

Hapa Kiswahili kina akiba ambayo watunzi wa istilahi wangeitumia zaidi, nayo ni minyambuliko. Sogea ni la kielekezi, na sogeza ni la mtu anayekisogeza. Matini yenyewe yakitolewa mahali pamoja na kupelekwa pengine, hayo hayasogezwi, bali huhamishwa. Kwa maneno matatu tumetenganisha mambo matatu ambayo karatasi nyingi za mafunzo huyachanganya chini ya kitenzi kimoja.

Tahadhari inahitajika pia. Rudi na rudia hutofautiana kwa irabu moja, na darasani, mashine zikivuma, tofauti hiyo hupotea. Rudi ni mwendo, na rudia ni amri ya kufanya tena jambo lililofanywa. Tunapendekeza mwalimu aseme daima "rudi nyuma" kwa maneno mawili, na alibakize "rudia" kwa kazi ya kurudia amri tu.

4. Maneno yanayopotosha

Vihariri vinavyotegemea vitufe zaidi ya vyote ni vya jamii ya vi. Kihariri cha vi kilitungwa na Bill Joy mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mtoto wake mashuhuri ni Vim, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 2023. Vim kina uhusiano na Afrika Mashariki ambao wengi hawaujui. Moolenaar aliwahi kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo programu yake, ambayo hutolewa bure, imekuwa ikiwaomba watumiaji wawachangie watoto hao. Jina la Uganda huonekana kwenye skrini ya mhandisi wa Tokyo kama linavyoonekana kwenye skrini ya mwanafunzi wa Mbeya.

Vihariri hivi vina hali mbili kuu. Katika hali moja kila kitufe ni amri: ukibonyeza herufi x, herufi iliyo chini ya kielekezi huondolewa. Katika hali nyingine vitufe huandika, na x huwa x. Mwanafunzi asipoielewa tofauti hii hawezi kuendelea hata hatua moja, na hapa ndipo istilahi mbaya huleta madhara makubwa.

Hali ya kwanza huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya kawaida, na baadhi ya wakufunzi wamelitafsiri neno hilo moja kwa moja wakasema "hali ya kawaida". Kwa mhazili aliyezoea kupiga chapa, jambo la kawaida ni kuandika. Anaambiwa yuko katika hali ya kawaida, anaandika "Ndugu Mkurugenzi", na mbele ya macho yake maandishi yanakatwa na kurukwa badala ya kutokea. Neno limemwahidi jambo ambalo mashine haikuliahidi. Hali hiyo iitwe hali ya amri, na ya pili iitwe hali ya kuandika. Neno hali latosha, na hatuoni sababu ya kuleta modi.

Kosa la pili lipo katika kitufe cha Esc, ambacho humrudisha mtu kwenye hali ya amri. Wakufunzi wengi husema "toka". Katika mafunzo ya Iringa mhazili kijana alimwelekeza mwalimu wa makamo aliyeketi karibu naye:

"Mama, bonyeza Esc utoke."

"Nimetoka, mwanangu. Mbona bado nimo?"

Mama yule alikuwa sahihi kwa Kiswahili. Kutoka ni kuondoka mahali, na yeye hakuwa ameondoka katika kihariri. Alikuwa amebadili hali tu. Maelekezo yaliyo wazi ni "rudi katika amri". Neno ondoka litunzwe kwa kazi ya kukifunga kihariri.

Kosa la tatu ni futa. Kitenzi hiki kina picha ya ubao na kitambaa: kilichofutwa hakipo tena. Amri d ya vihariri hivi haifanyi hivyo. Huondoa maneno na kuyaweka akiba, na amri p huyarudisha mahali pengine. Kitenzi chake halisi ni kata, ambacho tayari kimezoeleka kwa kazi hiyo hiyo katika programu za kawaida za ofisi, na mwenziwe ni bandika. Mwanafunzi anayeambiwa "futa" huogopa kupoteza kazi yake, hivyo hatathubutu kuhamisha aya kwa njia hii hata ingawa ndiyo njia fupi.

Kwa kutunza kazi kwenye faili, neno hifadhi limeshinda na lishikwe. Neno okoa, ambalo hutokea hapa na pale, limetokana na kutafsiri neno la Kiingereza bila kutazama maana inayohusika. Waraka haukuwa ukizama.

Neno tendua ndilo istilahi bora kuliko zote katika orodha hizi. Limejengwa kwa kiambishi kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Mwanafunzi akilisikia mara ya kwanza huelewa kwamba jambo lililotendwa litageuzwa, na mwalimu hana haja ya kueleza zaidi.

5. Sarufi ya amri na sarufi ya Kiswahili

Amri za vihariri hivi zina sarufi. Herufi moja ni kitenzi na herufi nyingine ni kitu kinachotendwa au umbali wa mwendo. Herufi d ni kata na w ni neno, kwa hiyo dw ni "kata neno". Herufi c ni badili, kwa hiyo cw ni "badili neno". Anayejua vitenzi vitatu na miendo mitano amekwisha kupata amri kumi na tano bila kukariri moja moja. Hii ni hazina kwa mwalimu, mradi aisome kama sentensi.

Tatizo la kwanza ni idadi. Mtu aweza kuandika d2w, na mpangilio huo hufuata Kiingereza, ambacho hutanguliza namba mbele ya nomino. Kiswahili husema "kata maneno mawili", namba nyuma. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huandika dw2, na kihariri hakimwelewi. Lakini vihariri hivi hukubali pia 2dw, na matokeo huwa yale yale. Tukiisoma "mara mbili, kata neno", tunapata Kiswahili safi kisichopindwa popote. Kwa hiyo inafaa mwalimu wa Kiswahili afundishe kwanza mpangilio huu wa pili.

Tatizo la pili ni herufi zenyewe, ambazo nyingi ni vifupi vya maneno ya Kiingereza. Wapo wanaopendekeza zibadilishwe, k iwe kata na b iwe bandika. Hatukubaliani nao. Kwanza, k na b zina kazi nyingine tayari. Pili, mhazili atakayejifunza herufi za Mbeya atakuwa mgeni mbele ya mashine ya Dodoma. Herufi hizi zimekuwa kama alama za barabarani, ambazo dereva huzitii bila kuuliza zilitungwa kwa lugha gani. Hata wasemaji wa Kiingereza hawana mantiki ya neno kwa kila amri. Herufi h, j, k na l husogeza kielekezi kushoto, chini, juu na kulia kwa sababu mashine ya ADM-3A aliyoitumia Bill Joy ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe hivyo vinne. Katika programu za kawaida za ofisi, kata, nakili na bandika zimewekwa kwenye X, C na V zilizofuatana safu ya chini, na vidole hukumbuka mahali kuliko maana.

Zaidi ya hayo, tahajia ya Kiswahili inatusaidia. Herufi q na x hazina kazi katika maandishi yetu, na c haisimami bila h. Mwandishi wa Kiswahili akiziona huzichukulia kuwa ni amri tupu, hazimchanganyi na neno lolote.

Tatizo la tatu ni ritifaa ya ng'. Kihariri huihesabu alama hiyo kuwa si sehemu ya neno. Ukiwa mwanzo wa ng'ombe na kubonyeza w, kielekezi husimama kwenye ritifaa; ukibonyeza tena husimama kwenye o; mara ya tatu ndipo hufika neno linalofuata. Herufi kubwa W haijali ritifaa, hutazama nafasi kati ya maneno tu. Tofauti hiyo inahitaji istilahi mbili, nasi tunapendekeza "neno" kwa w na "neno zima" kwa W. Mwandishi wa taarifa ya mifugo ataziona faida zake siku hiyo hiyo.

6. Kwa nini mwendo huu unamfaa mwandishi wa Kiswahili

Hadi hapa yaweza kudhaniwa kwamba tunahangaika kuitafutia nguo ya Kiswahili njia ya kazi iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine. Kinyume chake, twaona kwamba kusogea neno kwa neno kunaifaa lugha yetu kuliko Kiingereza.

Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Nimekwishawaambia ni neno moja, na mbonyezo mmoja hulivuka. Ndiyo kusema mstari wa Kiswahili una vituo vichache kuliko mstari wa Kiingereza wenye maana ile ile. Isitoshe, sarufi yetu hubadilika mwanzoni mwa maneno, kwenye viambishi vya ngeli, na amri w humfikisha mtu mwanzoni mwa neno hasa.

Tuchukue sentensi hii ya barua ya shule: "kitabu kile kizuri kimepotea". Mkuu wa shule anasema vilivyopotea ni vingi. Katika programu ya kawaida, mhazili hushika kipanya, hulenga herufi k ya kwanza, huiondoa, huandika v, kisha hurudia kazi hiyo mara tatu tena. Katika kihariri cha vitufe, kielekezi kikiwa juu ya k ya kwanza, hubonyeza r kisha v, na kitabu huwa vitabu. Halafu hubonyeza w kusogea neno moja, na nukta kurudia. Kile kimekuwa vile. W na nukta tena, kizuri kimekuwa vizuri. W na nukta mara ya mwisho, kimepotea kimekuwa vimepotea. Mibonyezo yote ni minane, na macho hayakuondoka kwenye sentensi.

Katika "mtoto mdogo amelala", mhazili hubonyeza s, huandika wa, na hubonyeza Esc. Kisha w na nukta, mara mbili. Sentensi imekuwa "watoto wadogo wamelala". Upatanisho wa kisarufi tunaoufundisha darasani kwa chati umegeuka kuwa mwendo wa vidole. Mnyakyusa, ambaye katika lugha yake iki- huwa ifi- katika wingi, haoni ajabu yoyote hapa, kwani kichwa chake kimezoea tangu utoto kugeuza mwanzo wa kila neno katika fungu. Mwalimu wa sarufi aweza hata kuitumia mbinu hii kuonyesha ngeli, kwa kuwa neno lisilokubali nukta hujitokeza lenyewe. Chakula, kwa mfano, hugeuka vyakula, na hapo herufi mbili ndizo hubadilika. Mwanafunzi atalazimika kusimama na kufikiri ni kwa nini.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba vihariri vya jamii ya vi ni vya wataalamu wachache, na mtumishi wa serikali hatavikuta ofisini. Ni kweli kwamba wengi hutumia programu za kawaida za ofisi. Lakini humo pia Ctrl pamoja na mshale wa kulia husogeza kielekezi neno moja, Home na End humpeleka mtu mwanzo na mwisho wa mstari, Ctrl na Home humpeleka mwanzo wa waraka, na Shift pamoja na mshale huchagua matini. Vitenzi tunavyopendekeza vinafaa huko vile vile. Istilahi njema haifungwi na programu moja.

Pingamizi la pili ni kwamba kipanya kinatosha. Kinamtosha mwenye macho mazima na mkono usio na maumivu. Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, na kazi yake yote huifanya kwa vitufe. Kwake "shuka mstari mmoja" na "sogea neno moja" ndiyo njia pekee ya kusoma na kuandika. Maelekezo yanayosema "gusa pale juu kulia" hayamfai kitu. Tukimnyima istilahi za mwendo, tumemnyima shule na ajira.

Na kwa wahazili, vitufe ni mwendelezo wa ufundi walio nao. Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye tawi Mbeya, kimerithi mafunzo ya uhazili ya tangu zama za mashine ya chapa, ambayo msingi wake ni kuandika bila kuangalia vitufe. Kila mara mkono unapoacha kibodi kutafuta kipanya, ufundi huo husimama.

Pingamizi la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba anayetaka kompyuta na ajifunze Kiingereza. Jibu letu ni mama yule wa Iringa. Kiingereza hakikuwa tatizo lake. Alitatizwa na neno la Kiswahili lililochaguliwa vibaya, naye aliligundua kosa kwa sababu anaijua lugha yake.

8. Mapendekezo

Tunawaletea wasomaji istilahi zifuatazo wazijaribu darasani na ofisini kabla hazijafikishwa mbele ya kamati ya kusanifisha:

(a) sogea: kielekezi kwenda herufi moja au neno moja; sogeza: kukipeleka;
(b) panda, shuka: kwenda mstari wa juu au wa chini;
(c) ruka: kuvuka sehemu ya matini hadi aya nyingine au herufi iliyotajwa;
(d) nenda: kufika mahali penye anwani, kama mwisho wa mstari au mstari wa 40;
(e) rudi nyuma: mwendo wa kuelekea mwanzo; rudia: kufanya tena amri ya mwisho;
(f) hali ya amri, hali ya kuandika: hali mbili za kihariri cha vitufe;
(g) rudi katika amri: kazi ya kitufe cha Esc katika vihariri hivyo; ondoka: kukifunga kihariri;
(h) kata, bandika, hamisha: kwa matini yanayoondolewa na kuwekwa pengine; futa: kwa kile tu kisichorudi;
(i) neno, neno zima: mwendo unaosimama kwenye ritifaa, na usiosimama;
(j) tendua, hifadhi: yabaki kama yalivyo.

Karibu maneno yote haya ni ya zamani, wala hatukuona haja ya kutunga jipya hata moja. Tulichofanya ni kuyapangia kazi ili mawili yasigombee maana moja, na moja lisibebeshwe maana mbili. Tunawaomba walimu, watafsiri na makatibu wayatumie, na pale neno litakapomkwaza mwanafunzi watuandikie ni neno gani, na mwanafunzi mwenyewe alisema nini badala yake.